Pikipiki ya Christopher Ilipokataa Mlima

Nianze na yale ambayo si kweli. Nimeyasikia sokoni Masasi, nimeyasikia nje ya kanisa, na juzi nimeyasikia kwa mama mmoja wa Lisekese aliyekuja kuniuzia mihogo, akanisimulia kisa changu mwenyewe mlangoni kwangu bila kujua kwamba ni mimi. Nilinunua mihogo, nikamwambia makubwa hayo, nikafunga mlango.

Si kweli kwamba marehemu mume wangu, Mzee Christopher, aliishika pikipiki yake kwenye mlima wa Newala ili nisifike. Mume wangu amelala. Hata alipokuwa hai alikuwa mtu wa kulala mapema, na sioni kwa nini aamke sasa kuhangaika na pikipiki. Si kweli kwamba alikufa ana kinyongo na mimi. Si kweli kwamba Newala kuna mwanamke wa pili ambaye nilikuwa nakwenda kufumaniana naye. Na si kweli kwamba mtani wetu Bwanali alinisukuma kutoka chini ya mlima mpaka juu. Alinisukuma mpaka kona ya kwanza tu, na hilo nitalifikia.

Mimi ni Anjelina, Mama Upendo. Nimefundisha fizikia sekondari mpaka nilipostaafu. Wanafunzi walinipa jina la Mama Msuguano, kwa sababu mada ya msuguano niliipenda kuliko zote na niliifundisha kwa kusugua vitu mezani mpaka vikatoa moshi. Naomba msomaji alishike jina hilo, maana litanirudia.

Christopher alikuwa bwana shamba wa mikorosho. Pikipiki yake, ya Kijapani, aliipata kabla Upendo hajazaliwa, na tangi lake lilikuwa jekundu kama bibo la mkorosho lililoiva. Aliizungukia vijiji vyote vya chini na vya juu, akiwafundisha wakulima kupuliza salfa, na mpaka leo ukiikaribia siku ya jua kali unasikia harufu ya salfa kabla ya harufu ya petroli. Mimi alinifundisha kuiendesha kwenye uwanja wa mpira wa shule, jioni, wanafunzi wakiwa wamezuiwa kuja. Walikuja. Walijificha nyuma ya goli na kushangilia kila nilipoanguka.

Lakini kazi iliyoipa pikipiki ile heshima si ya mikorosho. Kila mtoto wa kiume wa familia yetu alipotoka jandoni, Christopher ndiye aliyempakia. Mtoto anavishwa nguo mpya, anafunikwa mwavuli, anazungushwa nyumba kwa nyumba pikipiki ikinguruma, na wanawake wanapiga vigelegele nyuma. Wengine siku hizi wanakodi bodaboda zenye muziki. Sisi hatukodi. Hakuna mvulana wa familia yetu aliyetoka jandoni kwa pikipiki nyingine, na wapo sasa wenye mvi wanaojivunia hilo.

Tulipomaliza msiba, ndugu walikaa. Wifi yangu Severina, dada yake Christopher, alikuja kutoka Lukuledi akiwa amejiandaa. Kwetu mali ya mwanamume ina njia yake ya kurudi kwa dada yake, kwa hiyo hakuja kudhulumu, alikuja kudai. Nyumba hakuitaka. Alitaka pikipiki.

"Wifi, wewe umri umekwenda," alisema. "Pikipiki ya kaka itaozea sebuleni kwako chini ya vitambaa."

"Haitaoza. Nitaiendesha."

"Wapi? Kutoka mlangoni mpaka jikoni?"

Hapo Bwanali akaingilia. Bwanali ni mtani wa ukoo wa mume wangu, mzee wa Lukuledi mwenye meno machache na maneno mengi. Yeye ndiye aliyelala kaburini siku ya mazishi akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Alisema: "Jambo jepesi hili. Mjukuu wa marehemu, Gift, yupo jandoni Newala. Mwalimu apande mlima na pikipiki ile amtoe mtoto. Akimtoa, pikipiki ni yake mpaka Mungu amwite. Akishindwa, iende kwa Severina. Na Severina akiichoka, mimi nina kuku wanatafuta pa kutagia."

Watu walicheka, lakini wazee waliitikia kwa vichwa, na likawa ndilo neno la kikao. Gift ni mtoto wa Upendo wangu, aliyeolewa Newala. Basi jambo lilikuwa wazi: nipande mlima na kumtoa mjukuu wangu, au niiage pikipiki ya mume wangu na kumwona mjukuu akitolewa kwa bodaboda yenye muziki.

Sasa nifike kwenye vitambaa, maana Severina alivitaja na alikuwa na haki.

Mimi nafuma. Masista walinifundisha nikiwa msichana, na sijaacha tangu hapo. Nyumbani kwangu runinga ina kitambaa, redio ina kitambaa, jagi la maji lina kitambaa chenye shanga pembeni, mtungi wa gesi una sketi. Upendo huwa anasema anaogopa kukaa sana asije naye akafumiwa. Baada ya Christopher kuondoka, mikono yangu ilikosa kazi na pikipiki ilikuwa pale sebuleni. Nikaifumia kiti. Nikaifumia tangi. Kisha nikafika kwenye usukani.

Kwa asiyejua, upande wa kushoto wa usukani kuna mkono wa klachi, chuma chembamba unachokivuta kwa vidole unapobadilisha gia. Wa pikipiki yetu ulikuwa umechubuka na kuchoma vidole kwa ubaridi asubuhi. Mtu mwenye akili za kawaida angefumia mpini wa usukani peke yake na kile chuma peke yake. Mimi niliona vinapendeza vikiwa pamoja, kama mume na mke chini ya shuka moja. Nikavifumia soksi moja ya uzi mweupe wa pamba, yenye maua, na kamba ya kufungia nyuma. Niliifuma Kwaresima nzima. Upande wa kulia nilikuwa sijaanza, na namshukuru Mungu, kwa sababu upande huo ni wa breki.

Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka nilikwenda nayo kanisani. Mlio ulikuwa mkubwa kuliko mwendo. Nilivuta mafuta, injini ikapiga kelele, gurudumu likafikiria kwanza. Jumapili iliyofuata, kwenye kile kimwinuko karibu na soko, mwanamke mwenye beseni la nyanya kichwani alinipita. Aligeuka akanisalimia vizuri, "Shikamoo Mwalimu," na hakuongeza neno. Ningefurahi angecheka.

Nikaipeleka kwa Mohamedi, fundi wa pikipiki mwenye gereji chini ya mawe makubwa, ambaye kwenye ubao wake ameandika Daktari Bingwa. Mohamedi si mtu wa kujishusha. Anasema alizaliwa ameshika spana. Kabla ya kuingiza pikipiki pale nilivua vitambaa vyote nikavikunja kwenye mkoba, maana gereji ni mahali pa grisi.

Akaiwasha, akaizungusha barabarani, akarudi.

"Mwalimu, hii ni nzima."

"Inateleza klachi, Mohamedi. Injini inakwenda, gurudumu halifuati."

"Kwangu limefuata. Labda linaniogopa."

Nikarudi nyumbani nikiendesha vizuri kabisa. Nikaivalisha. Kesho yake ikateleza.

Nikampelekea tena, nikiwa nimeivua. Safari hii niliagiza aifungue. Akaifungua injini ubavuni, akatoa zile pleti za klachi zinazobanana kama sahani kabatini, akaweka mpya, akakaza springi, akamwaga oili mpya. Akaijaribu, ikaruka kama mbuzi. Nikarudi nyumbani, nikaivalisha, na kufikia kanisani nilikuwa nanuka moshi mpaka padre akauliza kama kuna mtu amewasha moto wa majani.

Ndipo nilipofanya jambo ambalo watu wa kijiwe cha bodaboda bado wanaliigiza. Nilikwenda gereji kwa miguu, nikasimama mbele ya Mohamedi na wateja wake, nikaokota kijiti, nikachora mchangani. Nilimchorea pleti mbili. Nikamchorea mishale. Nikamweleza kwamba nguvu ya msuguano inategemea jinsi nyuso mbili zinavyokandamizana, kwamba kama hazikandamizani vya kutosha zitateleza, na kwamba kazi yake yeye kama fundi ilikuwa kutafuta ni kitu gani kinazizuia zisikandamizane. Kila neno nililosema lilikuwa sahihi. Hilo ndilo linaloniuma.

"Mwalimu, mimi nimebadilisha kila kitu," alisema Mohamedi. "Kilichobaki kubadilisha ni dereva."

"Daktari bingwa!" nilimwambia. "Wewe hata wa kuku siwezi kukuita."

Nikaondoka nikiwa nimeshinda. Kwenye maabara nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba jaribio likileta majibu mawili tofauti, wajiulize kilichobadilika ni kipi. Nimelisema hilo kwa vizazi vya watoto wa Masasi. Baadhi yao sasa ni madaktari wa kweli.

Siku ya kwenda Newala ikakaribia. Nilitaka pikipiki ionekane kama ya harusi. Nikafua vitambaa vyote, nikapika wanga wa muhogo, nikavitia kama tunavyotia vitambaa vya meza ili visimame. Soksi ya klachi niliivalisha ikiwa bado mbichi, nikaikaza kamba kwa nguvu ili ikauke na kushika umbo. Ilikauka. Ilishika umbo. Asubuhi ukiigonga kwa kucha ilitoa sauti kama ya kibuyu.

Tuliondoka baada ya chai. Mbele mimi, nimevaa suruali, kitenge juu yake, na helmeti juu ya kilemba. Nyuma, kwenye kirikuu cha kukodi, kigari kidogo cha mizigo, Severina, Bwanali, ngoma, mchele na mwavuli wa Gift. Barabara ya tambarare niliimudu kwa makelele. Kwenye mashamba watu walikuwa wanapuliza salfa, vumbi la njano limetanda kwenye mikorosho, na kila aliyesikia mlio ule aliinua kichwa akipunga mkono, akidhani ni Christopher kabla ya kukumbuka. Nililia kidogo ndani ya helmeti. Faida ya helmeti ni hiyo.

Kisha mlima.

Nilianza kupanda, nikavuta mafuta, injini ikalia kama ng'ombe anayechinjwa, na pikipiki ikapunguza mwendo, ikapunguza, ikasimama. Moshi ukatoka chini ya miguu yangu. Kirikuu kikasimama nyuma.

"Wifi!" Severina alitoa kichwa dirishani. "Mbona inanguruma haiendi?"

"Inapumua."

"Inapumua moshi?"

Bwanali alishuka akiwa tayari amefurahi. "Mtani, Christopher kanijia usingizini. Anasema kachoka kubeba mwalimu mwenye kofia mbili."

"Badala ya kusema, sukuma."

Akasukuma. Naliandika hili kwa sababu ni kweli. Alisukuma mpaka kona ya kwanza, akiimba wimbo wa jando ambao mwanamke hapaswi kuusikia, na mimi nikiwa nimekaa juu wima kama malkia, nashika usukani, natazama mbele. Watu waliokuwa wanatoka mashambani walisimama na majembe yao kutazama. Kwenye kona Bwanali aliishiwa pumzi, akakaa chini.

"Mtani akisukuma analipwa," alisema. "Leo sitaki jogoo. Naitaka ile kofia." Alikuwa anainyooshea kidole soksi ya klachi.

"Hiyo siyo kofia."

"Nyeupe, ina maua, ina kamba. Ni kofia ya mtoto mchanga. Kichwa changu nacho hakina nywele, kitaenea."

Mtani akichukua kitu haruhusiwi mtu kununa, na nisingeweza kumkatalia mbele ya watu wale. Lakini alipoivuta haikutoka. Wanga ulikuwa umeifanya kama gamba la kobe. Akachomoa kisu cha kumenyea mihogo.

"Bwanali, usithubutu! Nimeifuma Kwaresima nzima!"

Yeye alishageuka kuwatazama watu, maana Bwanali hawezi kupata watazamaji akawaacha waende bure. Akainua kisu juu, akaita kwa sauti ya msibani: "Christopher! Ndugu yangu Christopher! Mwachie mkeo! Anakwenda kumtoa mjukuu wako, haendi kuolewa!"

Watu walicheka sana. Bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni hakucheka. Alisema, "Amina."

Bwanali akakata kamba, akachana uzi, na mkono wa klachi ukaruka mbali na mpini: ta!

Nilijua papo hapo. Sauti ile ndogo ilinieleza kila kitu. Ukiuvuta mkono wa klachi unaziachanisha pleti ili injini isilisukume gurudumu, ukiuachia zinabanana tena. Soksi yangu ilikuwa imeuvuta mkono ule nusu, na haikuwahi kuuachia. Tangu Pasaka nilikuwa naendesha pikipiki iliyoambiwa iende na isiende. Wanga ulipokauka na kukaza, ikasikiliza isiende. Mume wangu hakuishika pikipiki. Niliishika mimi, kwa uzi wa pamba na muhogo. Kila nilipokwenda kwa Mohamedi niliivua, ikapona, nikairudisha nyumbani nikaikaba tena.

Severina alikuwa ananitazama. Mimi nilitazama mikorosho.

"Tungoje ipoe," nilisema, na sauti yangu ilikuwa ya darasani. Tukakaa pembeni ya barabara tukala muhogo wa kuchemsha, ambao siku hiyo sikuufurahia. Kisha nikainama kwenye tangi kidogo, nikanyanyuka, nikapiga kiki.

Ilipanda. Jamani, ilipanda! Kona baada ya kona, upepo wa juu ukinipiga kifuani, vigelegele nyuma yangu, na Bwanali amesimama ndani ya kirikuu, soksi ya klachi kichwani, akiwapungia watu wote kana kwamba ndiye anayetoka jandoni.

Nilimtoa Gift. Alikaa nyuma yangu, nguo mpya, mwavuli juu, amenishika kiuno, na tulizunguka nyumba kwa nyumba mpaka vumbi likatufanya wa rangi moja. Upendo alilia. Wakati wa chakula Severina alisimama mbele ya wazee.

"Kaka ameachia, mmemsikia Bwanali," alisema. "Pikipiki ibaki kwa wifi."

Bwanali akaitikia kwa heshima kubwa, soksi ikiwa bado kichwani. Nilifungua mdomo kusahihisha. Nikaujaza wali wa nazi. Mume aliyeachia mlimani alinipa pikipiki, soksi ingenipa aibu, na wali ulikuwa mtamu.

Ningenyamaza mpaka leo. Lakini maneno hayakukaa Newala. Yule bibi wa kuni aliyashusha mpaka Masasi, na kila aliyeyapokea aliyapunguzia kicheko na kuyaongezea sababu. Kama alimwachia, basi alikuwa amemshika. Kama alimshika, alikuwa na kinyongo. Kinyongo cha nini? Hapo ndipo yule mwanamke wa pili alipozaliwa, na alipofika kwangu na mihogo ya Lisekese tayari alikuwa na watoto. Mimi naweza kuchekwa. Nimefundisha vijana wa kidato cha pili, nimeshazoea. Lakini mume wangu, aliyewafundisha watu hawa kuokoa mikorosho yao, hawezi kugeuzwa mzimu wenye wivu kwa sababu mjane wake anaona haya kutaja soksi.

Kwanza nilikwenda kwa Mohamedi. Nilimwita pembeni nikamweleza. Yeye alirudi katikati ya gereji akaeleza upya kwa wote.

"Mnasikia? Mgonjwa analetwa uchi, anapona, anarudi nyumbani anavishwa kitanzi! Halafu daktari ndiye anayetukanwa!" Kisha akaniletea kigoda, akanikaribisha soda, na akaniomba kwa adabu nichore tena ile mishale, kwa sababu kuna kijana siku ile hakuwepo. Nilichora.

Kisha nikaenda Lukuledi, kwa pikipiki, mkono wa klachi ukiwa uchi. Severina alikuwa anaanika muhogo. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, nikamalizia kwamba kama anaona kikao kilidanganywa, ufunguo huu hapa.

Aliendelea kupanga vipande juu ya mkeka. "Wifi, unadhani sikuuona uso wako pale kwenye kona? Ulikuwa kama mtoto aliyekojoa kanisani."

"Ulijua? Na ukasimama mbele ya wazee ukasema kaka ameachia?"

"Kikao kilisema upande mlima umtoe mtoto. Hukupanda? Hukumtoa?" Akanitazama sasa. "Nilivyokuona umemweka Gift nyuma, nikasema hii haiwezi kulala na kuku wa Bwanali. Rudisha ufunguo wako mfukoni. Ila na mimi nataka kitu."

"Sema."

"Nifumie kitambaa cha kochi. Kochi haliendi popote."

Nakifuma sasa, na nikishakipeleka nitakuwa sidaiwi na mtu. Pikipiki iko uani, haina nguo hata moja, na kila Jumapili asubuhi tunakwenda nayo kanisani tukiwapita wenye mabeseni ya nyanya. Soksi ipo kwa Bwanali. Amegoma kuirudisha, na huivaa misibani.

Limebaki jambo moja ambalo Bwanali analiuliza kila anaponiona, na sasa watu wengine nao wameanza kuliuliza: nilisema nini nilipoinama kwenye tangi kabla ya kupiga kiki. Anadai alisikia. Hakusikia. Nilikuwa nazungumza na mume wangu, na nilichomwambia sikiandiki hapa wala sitakisema kwa mtu. Msiniulize.